Mbu Waliomchukua Tekla

Juzi jioni nilipanda bodaboda kurudi nyumbani Shanwe, tukapita nyuma kule ambako bado watu wanafuga. Mbele yetu kulikuwa na moshi umetanda barabarani. Nilijua ni moshi wa nini kabla hatujaufikia: mavi ya ng'ombe makavu, harufu ile inayokaa kooni, nusu nyasi nusu maziwa. Nikamwambia kijana asimame kidogo. Akageuka, "Vipi mama, umedondosha kitu?" Nikamwambia hapana, twende tu. Lakini tulipofika nilishindwa kula, na wanangu waliponiuliza kulikoni sikujua nianzie wapi.

Nyie wenzangu mliokulia huku kwetu mnakumbuka jinsi tulivyoishi na mbu. Chandarua kilikuwa kitu cha mapadri na masista. Sisi tulijifunika shuka mpaka kichwani na joto lote lile, tukaamka tumelowa jasho na bado tumeumwa. Na hapo ni ndani ya nyumba. Nje, shambani, ambako tuliishi karibu masika yote, mtoto mchanga alikuwa na khanga ya mama yake na rehema ya Mungu, basi.

Kwetu ni Mamba, katika nchi ya Wapimbwe, na maisha yetu yalikuwa mpunga. Nilikuwa mtoto wa kwanza. Baada yangu alizaliwa Tekla, akafariki kabla hajaanza kutambaa. Siku aliyofariki nilipelekwa kwa jirani asubuhi na mapema. Niliporudishwa nyumba ilikuwa imejaa watu, wanawake wamekaa chini wamejifunga khanga kiunoni, na Tekla hakuwepo kitandani wala mgongoni kwa mtu. Hakuna aliyenieleza. Nikajipenyeza katikati ya wanawake, nikamsikia mmoja anamwambia mwenzake kwa sauti ya chini, "Ni mbu hawa. Mbu ndio wamemchukua."

Wamemchukua. Nililielewa neno lile kama lilivyo. Kuku wetu walichukuliwa na mwewe, nilishaona mara nyingi: kivuli kinapita, kifaranga kinalia, hakipo. Kwa hiyo Tekla naye alichukuliwa hivyo hivyo. Nilichojiuliza ni mbu gani mwenye nguvu ya kunyanyua mtoto. Wale wadogo waliotuuma usiku hawakuweza. Lazima walikuwa na wakubwa wao mahali fulani.

Nikawagundua shambani. Mnawajua korongo wanaosimama kwenye maji ya mpunga, miguu myembamba mirefu iliyopinda katikati, mdomo mrefu wenye ncha, kimya kabisa, wanangoja. Nilipowatazama kwa makini sikuwa na shaka tena. Walikuwa mbu watupu, ila wakubwa. Kuanzia hapo kila nilipomwona korongo nilimrushia tope mpaka aruke, na mama alidhani nacheza.

Kisha akazaliwa Deo.

Masika yale Deo alikuwa ameota meno mawili ya chini. Mpunga ulikuwa unaanza kujaza maziwa, wakati ambao ndege hawaachi shamba hata kidogo, na ilitubidi kuhamia shambani kabisa. Baba alikuwa amekwenda Karema kutafuta kazi ya uvuvi mpaka tuvune. Tulibaki mimi, mama, Deo, na bibi, mama yake baba, katika kibanda cha nyasi kando ya mpunga. Bibi alilinda upande wa juu kwa kupiga debe. Mama alilinda upande wa chini kwa kombeo la mawe ya udongo. Mtu hawezi kuzungusha kombeo akiwa na mtoto mgongoni, kwa hiyo Deo aliachwa kwenye mkeka karibu na kibanda, na mimi niliwekwa kumlinda.

Tatizo letu lilikuwa saa ile ya jua kuzama. Kweleakwelea hula kwa pupa kabla ya kwenda kulala, wanashuka kama vumbi la upepo, na ukiwaacha jioni moja tu wanaweza kukumalizia jaruba zima. Saa hiyo hiyo ndipo mbu wanapoinuka kutoka kwenye maji. Mama alisimama kwenye tope anapiga kelele na kuzungusha kombeo, na kila mara aligeuka kututazama. Alikuwa anachagua kati ya chakula cha mwaka na mtoto, jioni baada ya jioni, na mimi niliona tu kwamba ana hasira.

Siku moja alifungua sanduku lake la bati akatoa shela yake ya harusi. Ilikuwa nyeupe ya wavu mwepesi, dada yake alimletea kutoka Mpanda mjini, na ilikuwa imekaa humo na vidonge vya nondo tangu siku walipofunga ndoa kanisani. Alikata fito laini, akazikunja juu ya mkeka kama kibanda kidogo, akatandaza shela juu yake na kuibana pembeni kwa mawe. Deo alikuwa ndani anacheka, anajaribu kuishika kwa vidole.

Bibi alikuja na debe lake mkononi, akasimama.

"Mama Skola, hicho ni nini?"

"Ni shela yangu, mama. Ilikuwa imelala tu sandukuni."

"Naona kuwa ni shela. Nauliza kwa nini mtoto mzima anafunikwa nguo nyeupe, amelala chali kama maiti."

"Ni kwa ajili ya mbu, mama."

"Mbu walikuwepo kabla hujaja katika nyumba hii."

Mama alikuwa ameinama anabana jiwe la mwisho. Akasema bila kuinuka, "Na watoto walikuwa wanakufa kabla sijaja."

Bibi aligeuka akarudi upande wake, na jioni ile alipiga debe kwa nguvu sana hata baada ya ndege kuondoka.

Mimi nilifurahia shela, lakini sikuiamini. Ilikuwa nyepesi mno kumzuia mbu niliyekuwa namjua mimi. Kwa hiyo nilitafuta kamba ya katani, nikafunga ncha moja kwenye kifundo cha mguu wa Deo na ncha nyingine kwenye mguu wangu. Akimchukua, itabidi anichukue na mimi. Nilikaa hivyo na fimbo mapajani, nikiwahesabia korongo hatua zao kwenye maji.

Upande wa pili wa njia ya maji waliishi Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao. Mke wa pale tulimwita Mama Kulwa. Mwanzoni mwa mvua ng'ombe wao waliingia kwenye mpunga wetu, na tangu siku hiyo bibi alikuwa hawasalimii. Mama Kulwa alikuwa anatuona kila jioni kutoka kwake. Jioni moja akavuka, amebeba kigae chenye makaa na kikapu cha mavi makavu, akaja moja kwa moja mpaka kwenye mkeka. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti kubwa.

"Mayu," alimwambia mama, kama wanavyomwita mama kwao, "shela ni nzuri, lakini mtoto akigusa wavu wanamuuma hapo hapo. Weka na moshi upande unakotoka upepo."

Bibi alikuwa amefika. "Ng'ombe zenu zimekula mpunga wetu. Sasa mnatuletea na mavi yao?"

Nilidhani Mama Kulwa atatupa kigae aondoke. Alipiga magoti, akakipanga vizuri kwenye udongo, akapuliza.

"Ng'ombe walikosea, bibi, na mume wangu alikuja kuomba radhi kwako. Huyu mtoto hajamkosea mtu."

Moshi ukapanda, mzito na wa rangi ya majivu, ukapita juu ya shela. Mbu wakapungua kweli. Bibi alirudi kwenye debe lake. Kuanzia hapo Mama Kulwa alituachia kikapu kando ya njia ya maji kila alasiri, na kazi ya kuchochea kigae ikawa yangu. Deo alinuka moshi, nywele zangu zilinuka moshi, maziwa ya mama nadhani nayo yalinuka moshi.

Haikutosha. Asubuhi moja Deo aliamka ana joto. Mama alisaga kipande cha kidonge cha klorokwini, akampa kwa kijiko, akatapika chote. Akampa tena, akatapika tena. Ndege hawakungoja. Mama alikwenda kwenye kombeo, akarudi, akaenda, akarudi. Kufika adhuhuri alikuwa amelitupa kombeo na amekaa chini ya kibanda na Deo mapajani, anamfuta kwa khanga iliyolowa, na kweleakwelea walikuwa wanakula mpunga wetu mbele ya macho yake.

Nilikuwa nimeshika mguu wa Deo, ule niliouzoea kwa kamba, nilipouhisi unakaza. Macho yake yakageuka juu yakabaki meupe. Mikono ikaanza kuruka ruka kama inavutwa na mtu asiyeonekana. Povu likatoka. Mama alipiga ukelele ambao sijausikia tena kwa mtu mwingine, na bibi akaja mbio akiwa ameliacha debe.

"Degedege," alisema. "Dege limempitia juu."

Niliinua uso. Korongo mmoja alikuwa anaruka polepole juu ya mpunga, miguu inaning'inia nyuma. Nilijikojolea pale pale niliposimama.

Bibi alikuwa tayari yumo kibandani anafungua mfuko wake wa ngozi. Humo alikuwa na mavi ya tembo makavu aliyoyahifadhi, dawa ya degedege aliyoijua yeye. "Leta makaa, Skola. Tumfukize haraka, kabla halijamkaa."

Mama alikuwa anamfunga Deo mgongoni. Kutetemeka kulikuwa kumepungua, kichwa kilikuwa kinaning'inia. "Nampeleka zahanati."

"Wakamchome sindano?" Bibi alitoka na mfuko mkononi. "Mtoto mwenye degedege akichomwa sindano anakufa hapo hapo. Hapo hapo, Mama Skola! Sijaambiwa, nimeona kwa macho yangu."

"Tekla hakuchomwa sindano, mama. Tekla tulimfukiza."

Bibi akasimama katikati ya njia. Alikuwa mdogo wa umbo, mama angeweza kumsukuma kwa mkono mmoja. Lakini mkamwana hamsukumi mama mkwe, na wote wawili walilijua hilo.

"Baba yake hayupo," bibi alisema. "Huyu ni mtoto wa ukoo wetu. Huwezi kumtoa hapa kwa uamuzi wako."

"Akirudi mwambie nimemwiba," mama akasema, akashuka kwenye tope la mpunga, akampita pembeni, maji mpaka magotini. Mimi nilichomoa shela kwenye fito nikamfuata. Nyuma yetu bibi aliita jina la mama. Alimwita jina lake lenyewe, la ubatizo, kitu ambacho hakuwa akifanya kamwe, akaita tena, na sauti yake ilikatika.

Mama Kulwa alituona tunavuka njia ya maji, na hakuuliza maswali mengi. Wanaume wa kwao walikuwa machungani. "Nitaendesha mwenyewe," alisema, akafunga maksai kwenye mkokoteni akiwa anawasemesha kwa Kisukuma. Tukapanda. Njia ilikuwa ya tope na mkokoteni uliyumba, na mama alirudia sala moja ile ile, mwanzo wake tu, haifiki mwisho.

Tulipofika mtoni, mto ulikuwa umejaa. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, huku kwetu jua linawaka, na maji yalipita mekundu yamebeba matawi. Mama Kulwa alichomeka fimbo ukingoni. "Tungoje kidogo," alisema. "Maji yakiiacha hii fimbo, tunavuka."

Tukangoja. Jua likaanza kulala. Fimbo ilibaki majini. Na kwenye majani ya ukingoni nikaanza kusikia ule mlio, kwanza mmoja, kisha wengi, na hapo hapakuwa na kigae wala moshi. Nikasimama kwenye mkokoteni nikamtandazia mama shela kichwani, ikamfunika yeye na Deo mapajani mwake mpaka chini. Mbu walitua juu yake wakawa vidoa vyeusi. Niliwapiga kwa kiganja. Mama Kulwa naye alivua khanga yake akawa anawapepea kutoka upande wa pili, na mikono yake yote ilikuwa imejaa mbu, hakujali. Ndani ya wavu mweupe mama alionekana kama siku ya harusi yake, kwenye ile picha iliyokuwa ukutani kwetu, ila uso haukuwa ule.

Nilitazama juu kwa ajili ya korongo. Nikatoa kamba yangu mfukoni mwa gauni, nikapitisha mkono chini ya shela, nikamfunga Deo mguu na kujifunga mwenyewe.

Deo akakaza tena. Mama alimgeuza ubavu, akamshika taya, akasema kwa sauti kavu, "Tuvuke."

"Mayu, maji hayajashuka."

"Tuvuke hivyo hivyo."

Mama Kulwa alitazama fimbo, akamtazama mtoto. Akapanda mbele, akawachapa maksai.

Maji yalipofika kwenye mbao za mkokoteni, mama alihisi kitu kinamvuta Deo mguu. Akafunua shela akaiona kamba. "Nini hiki?" aliuliza. "Skola, ukianguka wewe na yeye anakwenda!" Akainama akaikata kwa meno. Nilitaka kulia, nimwambie kwamba ndicho nilichokitaka, kwamba asiende peke yake kama Tekla, lakini maksai wa kulia aliteleza na mkokoteni ukainama, na sote tukashikilia mbao. Maji yakanipanda mpaka kifuani. Mama Kulwa alikuwa anapiga kelele kwa ng'ombe wake kwa majina. Mama alikuwa amemwinua Deo juu ya kichwa kwa mikono yote miwili, na shela ikatelezea majini, ikafunguka yote, ikaanza kuondoka.

Nikainyooshea mkono.

"Iache!" mama alipiga kelele. "Iache, shika mbao!"

Ilielea mbele yetu nyeupe, ikazunguka kwenye tawi, ikazama. Maksai wakapata ardhi. Nilichofikiria ni kwamba sasa Deo hana kitu chochote kati yake na mbu.

Taa ya chemli ilikuwa ndiyo kwanza imewashwa tulipofika zahanati. Tabibu wa pale, ambaye sote tulimwita daktari, alikuwa anafunga dirisha. Alimtazama Deo mara moja akasema, "Mlazeni hapa," na akaanza kuvunja kichupa cha dawa. Nilipoiona sindano nikakumbuka maneno ya bibi. Hapo hapo. Nikamshika daktari koti kwa mikono miwili.

"Usimchome! Atakufa!"

Mama Kulwa alinibeba kiunoni akaniondoa, nikiwa napiga mateke. Kutoka kwenye mkono wake niliiona sindano inaingia pajani kwa Deo, na Deo hakulia. Hakutikisika. Mtoto aliyekuwa akilia akiguswa na nzi alichomwa sindano akanyamaza, na mimi nikajua kwamba bibi alisema kweli na kwamba nimemwona mdogo wangu anakufa. Nilikaa sakafuni nikaziba masikio. Sijui nilikaa muda gani. Kilichonifanya nitoe vidole ni kitu nilichokihisi ukutani mgongoni mwangu, mtetemo mdogo. Deo alikuwa analia. Alilia kwa hasira, kwa sauti nzito, na mama alikuwa anacheka na machozi yanamwingia mdomoni.

Daktari alikuja kukaa karibu yangu akiwa amechoka. "Ulitaka kunipiga," alisema.

"Daktari," nilimuuliza, "yule mbu aliyemchukua Tekla ni mkubwa kiasi gani?"

Hakumjua Tekla. Akanishika mkono, akaugeuza taratibu kwenye mwanga wa taa. Mbu mmoja alikuwa ametua juu ya kiwiko changu, tumbo limeinuka.

"Ni huyu," alisema.

"Huyu?"

"Huyu huyu. Anamuuma mtoto, anamwachia homa. Homa ndiyo inayoua."

Sijawahi kuogopa maishani mwangu kama nilivyoogopa wakati ule, hata mtoni. Korongo nilimwona akija. Huyu alikuwa amekaa juu yangu na sikumhisi. Nilifikiria jioni zote zile nimekaa na fimbo nikitazama majini, na wao wanapita karibu na uso wangu. Na kutoka kwenye maneno yale, bila mtu kuniambia, nikaelewa pia kwamba Tekla hakuwa mahali popote kule mbali alikopelekwa. Alikuwa amekufa. Nililia kilio chake usiku ule, peke yangu, msiba wa watu wote ukiwa umekwisha zamani.

Bibi alifika kesho yake, jua limeshapanda. Maji yalikuwa yameshuka, alivuka kwa miguu. Alikuwa amebeba mkeka uliokunjwa na shuka nyeupe mpya juu yake. Nilimwona anakuja, anatembea kama mtu anayekwenda msibani, macho chini, na watu njiani walimpisha. Alifika mlangoni pa wodi, akainua macho. Mama alikuwa amekaa kitandani ananyonyesha, na mguu wa Deo ulikuwa unapiga piga hewani.

"Karibu, mama," mama yangu alisema.

Bibi hakuingia. Mkeka ulimtoka mikononi. Alikwenda kukaa kwenye benchi ya barazani, akawa anatazama mbele, na kutwa nzima hakula uji aliopelekewa. Mama alitaka kwenda kumwomba msamaha. Mama Kulwa, aliyelala nasi pale pale sakafuni, alimshika mkono akamwambia amwache kidogo.

Ilipokaribia jioni ndani kulikuwa na joto kali, na mama alikuwa hajalala tangu jana yake. Alitoka na Deo, akasimama mbele ya bibi, akamwekea mtoto mapajani, akarudi ndani akajitupa kitandani. Nikakaa kwenye benchi pembeni ya bibi kwa sababu sikumwamini.

Jua likazama. Mlio ukaanza. Bibi alifungua kilemba chake, na kwa mara ya kwanza nikaona nywele zake, zilikuwa nyeupe kabisa na chache. Alimfunika Deo kwa kile kilemba, miguu kwanza, mikono, akaacha pua tu, na kwa ncha ya khanga yake akaanza kumpepea usoni, polepole, hakuruhusu hata mmoja atue. Alifanya hivyo kwa muda mrefu. Kisha akaanza kusema, na nilidhani anasali kwa sababu yalikuwa majina ya watakatifu.

"Yohana," alisema. "Agnesi. Pius, huyo ndiye waliyemchoma sindano, mbali huko, nimemshika mwenyewe. Maria. Na mmoja hakuwahi kupata maji ya ubatizo."

"Ni akina nani, bibi?"

"Watoto wangu."

Nilimwambia kwamba yeye ana mtoto mmoja, baba. Sote tulijua hivyo. Bibi alipeperusha mbu kutoka kwenye paji la Deo, akanivuta karibu na ubavu wake ili ncha ya khanga inifikie na mimi.

"Baba yako alikuwa wa sita," alisema. "Huyo sikumweka chini kabisa. Nililima naye mgongoni, nilipika naye mgongoni, nililala nimekaa. Sikumweka chini mpaka alipojifunza kunikimbia."